Kuandika programu ya kunasa video za sayari: kuanzia kamera hadi faili ya SER

Programu ya kunasa sayari ina deni la mambo mawili kwa mtumiaji: isipoteze fremu kimyakimya, na isidanganye kuhusu saa. Vitufe, rangi za skrini na menyu huja baadaye. Programu nyingi za kujitengenezea hukwama kwa sababu mwandishi alianzia kwenye dirisha zuri la picha, kisha akajaribu kupachika kazi ya kurekodi nyuma yake. Hapa tunaenda kinyume.

Kazi yenyewe iko hivi. Hewa iliyo juu ya darubini haitulii, kwa hiyo fremu moja ya Mshtarii karibu kila mara hutoka imepinda au imefifia. Dawa yake ni kunasa maelfu ya fremu fupi, kila moja ya milisekunde chache, kisha kuipa programu kama AutoStakkert! kazi ya kuzipanga kwa ubora, kuchagua zilizo kali na kuzilundika. Wewe unaandika sehemu ya kwanza: kuzitoa fremu kwenye kamera na kuzifikisha kwenye diski bila kuzigusa, ndani ya faili ya SER, muundo wa kuhifadhi video ghafi za sayari.

Fanya hesabu kabla ya kuandika msimbo

Chukua dirisha la kunasa, yaani sehemu ya kihisi inayosomwa, la pikseli 640 × 480 kwa biti 8. Kila fremu ni baiti 307,200. Muda wa mwanga (muda ambao kihisi kinapokea mwanga kwa kila fremu) ukiwa milisekunde 5, kamera inaweza kufika fremu 200 kwa sekunde, yaani takriban MB 61 kila sekunde. Video ya sekunde 90 inakuwa GB 5.5. Ukihamia biti 16, zidisha kila kitu kwa mbili.

Hesabu hiyo peke yake inaamua mengi. USB 2 hupitisha takriban MB 40 kwa sekunde katika matumizi halisi, hivyo haitoshi, USB 3.0 hufika MB 350 hadi 400 na inatosha kwa raha. Diski iliyofomatiwa kwa FAT32 haikubali faili inayozidi GB 4, kwa hiyo programu ikague aina ya mfumo wa faili kabla ya kuanza kurekodi na imwambie mtumiaji mapema, isingoje video ikatike katikati. SSD za bei nafuu zina mtego wa aina yake: huandika kwa kasi kubwa mpaka akiba yao ya ndani ijae, kisha kasi huporomoka ghafla. Ukiipima diski kwa sekunde tano utaridhika bure. Ipime kwa muda unaolingana na video tatu au nne mfululizo.

Muda wa video nao una kikomo chake. Mshtarii hujizungusha mara moja kwa saa 9 na dakika 55 hivi. Kipenyo chake kikionekana sekunde za tao 46 (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii), alama iliyo katikati ya uso wake husogea takriban sekunde ya tao 0.24 kila dakika. Darubini ya milimita 250 hutenganisha vitu vilivyoachana kwa sekunde ya tao 0.46 hivi, kwa hiyo dakika mbili zikipita mzunguko unaanza kuonekana kama ukungu kwenye picha iliyolundikwa. Ndiyo maana kikomo cha kurekodi kipangwe kwa sekunde, na idadi ya fremu iwe chaguo la pembeni. Anayerekodi kwa idadi ya fremu atapata video za urefu tofauti kila anapobadilisha muda wa mwanga.

Kuzungumza na kamera

Watengenezaji wengi hutoa maktaba ya C pamoja na kamera. C++ ndiyo njia fupi zaidi ya kuifikia. Rust inafaa pia, na Python inatosha kwa jaribio la kwanza. Mfano hapa ni maktaba ya kamera za ZWO, kwa kuwa mpangilio wake unafanana na wa wengine.

Mfuatano ni huu: `ASIGetNumOfConnectedCameras`, `ASIGetCameraProperty`, `ASIOpenCamera`, `ASIInitCamera`, kisha `ASISetROIFormat` kwa ukubwa wa dirisha na aina ya data, halafu `ASISetStartPos`, halafu `ASISetControlValue` kwa kila kidhibiti, na mwisho `ASIStartVideoCapture`. Usigeuze mbili za katikati: `ASISetROIFormat` hurudisha dirisha katikati ya kihisi kila inapoitwa, kwa hiyo nafasi uliyoweka kabla yake inafutika. Upana lazima ugawanyike kwa 8 na urefu kwa 2. Nafasi ya kuanzia iwe namba shufwa kwa pande zote mbili, la sivyo mpangilio wa Bayer (mpangilio wa vichujio vya nyekundu, kijani na buluu juu ya pikseli) kwenye kamera ya rangi husogea pikseli moja na nyekundu inakuwa kijani.

Muda wa mwanga huwekwa kwa mikrosekunde. Ukishaweka thamani yoyote, isome tena kutoka kwenye kamera na uonyeshe iliyosomwa, kwa sababu draiva inaweza kuikadiria. Zima marekebisho yote ya kujiendesha. Mizani ya rangi nayo iache kwenye thamani isiyobadilisha kitu: ikitekelezwa kwa kuzidisha namba baada ya kusoma kihisi, histogramu (mchoro wa idadi ya pikseli kwa kila kiwango cha mwangaza) hutoka na mapengo kama meno ya kitana, na mapengo hayo hayana tiba.

Vidhibiti viwili vinahitaji uangalifu. `ASI_BANDWIDTHOVERLOAD` huamua sehemu ya njia ya USB ambayo kamera itajitwalia. Anzia karibu na 80, ushuke ukiona fremu zinapotea, upande ukiona mambo yametulia. `ASI_HIGH_SPEED_MODE` huongeza kasi kwa kusoma kihisi kwa biti 10, kwa hiyo ukiruhusu mtumiaji aiwashe pamoja na biti 16 utakuwa umejaza diski kwa biti tupu. Programu ikatae mchanganyiko huo.

Kwenye Linux kuna mambo mawili ambayo hukwamisha watu kabla hata ya fremu ya kwanza. Moja ni ruhusa: bila kanuni ya udev (sehemu ya Linux inayosimamia vifaa) kwa kifaa husika (ZWO wana namba 03c3), ni mtumiaji mkuu pekee atakayeifungua kamera. La pili ni `/sys/module/usbcore/parameters/usbfs_memory_mb`, kikomo cha kumbukumbu ya USB kwa megabaiti, ambayo kwa kawaida ni 16. Kwa dirisha kubwa hiyo ni ndogo mno; 200 inaondoa tatizo. Dalili yake ni kwamba dirisha dogo linafanya kazi vizuri lakini ukifungua kihisi kizima fremu hazifiki kabisa.

Tredi tatu na bafa ya duara

Hapa ndipo programu inapofaulu au kufeli, kwa hiyo usiharakishe. Tredi ni kazi inayoendeshwa sambamba na nyingine ndani ya programu moja; bafa ya duara ni eneo la kumbukumbu la kungojea fremu, likifika mwisho linaanza tena mwanzo.

Tredi ya kwanza inaita `ASIGetVideoData` na haifanyi kazi nyingine. Muda wa kusubiri uwe mara mbili ya muda wa mwanga ukiongeza milisekunde 500. Fremu inaingia moja kwa moja kwenye nafasi iliyotengwa tayari ndani ya bafa, inapigwa muhuri wa saa, na tredi inarudi kusubiri nyingine. Usiombe kumbukumbu mpya kwa kila fremu, usihesabu histogramu humo, usiandike ujumbe kwenye kumbukumbu za matukio. Kila milisekunde inayopotea hapo inakatwa kwenye kasi ya kamera.

Tredi ya pili inachukua fremu kwa mpangilio na kuziandika kwenye diski. Ya tatu inahudumia skrini.

Bafa ya duara tenga mara moja mwanzoni. MB 512 kwa mfano wetu wa MB 61 kwa sekunde ni zaidi ya sekunde 8 za akiba, na hizo zinatosha kuvumilia diski inaposita kwa sababu mfumo umeamua kusafisha akiba yake au antivairasi imeamka. Ukitumia C++, fahirisi mbili za `std::atomic` zinatosha pale ambapo kuna mwandishi mmoja na msomaji mmoja. Kufuli zito halihitajiki.

Skrini isiingie kwenye foleni hiyo. Ipe nafasi yake moja: tredi ya kwanza inanakili fremu humo ikiwa tu skrini imemaliza ile ya awali, vinginevyo inapita. Macho yanatosheka na fremu 15 hadi 25 kwa sekunde. Kosa la kawaida ni kupitisha fremu zote 200 kwenye dirisha la picha kwa ishara za Qt (maktaba ya kutengeneza madirisha ya programu). Foleni ya ishara inavimba, kumbukumbu inajaa, na baada ya dakika moja skrini inaonyesha yaliyotokea nusu dakika iliyopita.

Uandishi wa diski ufanyike kwa mapande makubwa, MB 4 hadi 8 kwa wito mmoja. Kabla ya kuanza, hifadhi nafasi ya faili nzima. Kwenye Linux ni `posix_fallocate`. Video ikiisha mapema, kata nafasi iliyobaki. Kukwepa akiba ya mfumo kabisa, kwa mfano kwa `FILE_FLAG_NO_BUFFERING` kwenye Windows, kunawezekana, lakini kila pande lazima lilingane na mipaka ya sekta, na kichwa cha SER chenye baiti 178 kinaharibu ulinganifu huo tangu mwanzo. Inabidi uunganishe kichwa na fremu kwenye bafa ya kati. Usiingie huko mpaka vipimo vionyeshe kwamba njia ya kawaida imeshindwa. Kwa dirisha la sayari ni nadra kushindwa.

Fremu hupotea mahali pawili penye maana: ndani ya kamera au USB, ambako `ASIGetDroppedFrames` inakuhesabia, na kwenye bafa yako ikijaa. Onyesha hesabu hizo mbili kando kando, kwa rangi nyekundu zikizidi sifuri. Ukizijumlisha, mtumiaji hatajua kama alaumu kebo au diski.

Kufunga kuna mpangilio wake: simamisha kamera, acha tredi ya pili imalize foleni yote, andika muda wa fremu mwishoni mwa faili, rudi kusahihisha idadi ya fremu kwenye kichwa, funga, ndipo ubadilishe jina kutoka `.ser.part` kuwa `.ser`. Ukifunga faili mtumiaji anapobonyeza tu, fremu za sekunde ya mwisho zitabaki kwenye bafa.

Faili ya SER, baiti kwa baiti

AVI ya zamani ina mpaka wa GB 2 na haihifadhi vizuri biti 16. SER ni nyepesi: kichwa cha baiti 178, fremu ghafi moja baada ya nyingine, kisha orodha ya muda.

Kichwa huanza na herufi 14 `LUCAM-RECORDER`. Zinafuata namba saba za baiti 4 kila moja: kitambulisho cha kamera (weka 0), aina ya rangi, alama ya mpangilio wa baiti, upana, urefu, kina cha biti, na idadi ya fremu, ambayo inaanzia baiti ya 38 ukihesabu kutoka 0. Halafu kuna nafasi tatu za herufi 40: mtazamaji, kamera, darubini. Mwisho ni tarehe mbili za baiti 8, ya saa za eneo na ya UTC.

Aina ya rangi ni 0 kwa kamera isiyo ya rangi, 8 kwa RGGB, 9 kwa GRBG, 10 kwa GBRG na 11 kwa BGGR. Kamera ya rangi irekodiwe ghafi. Ukiigeuza kuwa RGB wakati wa kurekodi, unaongeza data mara tatu bila kuongeza taarifa hata moja, na unamnyima mtumiaji nafasi ya kuigeuza kwa njia bora baadaye.

Alama ya mpangilio wa baiti ni fujo ya kihistoria. Maelezo rasmi yanasema 1 ni baiti ndogo kwanza (little-endian), ila programu za mwanzo zilifanya kinyume na nyingine zikafuata. Njia salama ni kuandika baiti ndogo kwanza na kuweka 0. Usiamini maandishi peke yake: rekodi faili ya biti 16, ifungue kwenye AutoStakkert!, PIPP na Siril, programu zinazosoma SER. Ikitokea picha yenye mikanda mikali kama ramani ya miinuko, mojawapo inasoma baiti kinyume.

Kina cha biti nacho kinateleza. Kihisi cha biti 12 kinaweza kutoa namba zilizosukumwa juu mpaka zijaze biti 16, kama ZWO wanavyofanya, au zilizobaki chini kati ya 0 na 4095. Kwa za kwanza andika 16, kwa za pili andika 12. Ukikosea, video inaonekana nyeusi kabisa ingawa data ipo.

Muda wa kila fremu huandikwa kama hesabu ya vipande vya nanosekunde 100 tangu tarehe 1 Januari mwaka 1. Kutoka saa ya Unix, zidisha sekunde kwa 10,000,000 na ujumlishe 621355968000000000. Orodha hii inakaa mwisho wa faili, kwa hiyo umeme ukikatika inapotea yote. Fremu 60,000 ni KB 480 tu za muda; ziandike pia kwenye faili ya pembeni kila sekunde. Kwa faili iliyokatika, idadi ya fremu hupatikana kwa kutoa 178 kwenye ukubwa wake na kugawanya kwa ukubwa wa fremu. Kumbuka tu kwamba nafasi uliyohifadhi mapema inadanganya hesabu hiyo, kwa hiyo sahihisha idadi kwenye kichwa kila baada ya sekunde chache wakati wa kurekodi. Kazi ndogo ya ukarabati inayotumia taratibu hizi iweke ndani ya programu yenyewe, itafute `.ser.part` kila inapoanza.

Saa

Chukua saa ya UTC mara moja wakati wa kuanza video, kisha pima fremu zote kwa saa isiyorudi nyuma na ujumlishe. Ukisoma saa ya kawaida kwa kila fremu, NTP (huduma inayolinganisha saa ya kompyuta kupitia mtandao) inaweza kuirekebisha katikati ya video na utapata fremu iliyozaliwa kabla ya ile iliyoitangulia.

Kwa kusahihisha mzunguko wa sayari kwenye programu ya WinJUPOS, kinachotumika ni wakati wa katikati ya video, na kosa la dakika moja ni digrii 0.6 za longitudo ya Mshtarii. Jina la faili lifuate mtindo wake: mwaka, mwezi, siku, saa na dakika, kisha sehemu za kumi za dakika, kama `2024-11-30-2134_5`. Kwa kuwa katikati haijulikani mpaka video iishe, jina la mwisho hupewa wakati wa kufunga.

Anayepima sayari ndogo (asteroidi) zikifunika nyota anahitaji usahihi mkubwa kuliko huu. Muhuri wako unaonyesha fremu ilipofika kwenye kompyuta, si ilipopigwa, na ucheleweshaji wa USB hautabiriki. Lisemwe wazi kwenye maelezo ya programu.

Skrini

Histogramu ihesabiwe kwenye nakala ya skrini, kila rangi peke yake. Usionyeshe pikseli yenye thamani ya juu kabisa, kwani pikseli mbovu moja itakudanganya; tumia kiwango ambacho asilimia 99.9 ya pikseli ziko chini yake. Kwa dirisha letu hiyo inaacha nje pikseli 307. Sayari ndogo kwenye dirisha kubwa inahitaji uhesabu ndani ya mipaka yake tu.

Kuongeza mwangaza wa skrini ni ruhusa, ilimradi kusiguse kinachoandikwa. Kwa rangi, chukua kila mraba wa pikseli 2 × 2 uufanye pikseli moja: picha inakuwa nusu, na inatosha kwa kufokasi.

Kipimo cha fokasi ndicho kinachowavunja moyo wengi. Jumla ya mraba wa tofauti kati ya pikseli jirani, ikigawanywa kwa mraba wa mwangaza wa sayari, ni kipimo kizuri, lakini hewa huirusha juu na chini kila fremu. Onyesha thamani bora kati ya fremu 10 au 20 za mwisho badala ya wastani, na chora mstari wa sekunde 60 zilizopita. Jicho linafuata kilele cha mstari huo kwa urahisi kuliko namba inayorukaruka. Gaini (kiwango cha kukuza ishara ya kihisi) ikipanda, kelele nayo hupandisha kipimo, hivyo futa mstari kila gaini inapobadilika.

Kuhusu biti 8 au 16: gaini ikiwa juu, kelele ya fremu inazidi hatua moja ya biti 8, na kulundika maelfu ya fremu kunarudisha ngazi za kati zilizokosekana. Biti 16 hapo zinajaza diski tu. Gaini ikiwa ya chini, kama kwa Mwezi au Zuhura, kelele inaweza kushuka chini ya hatua moja na mikanda itabaki hata baada ya kulundika. Programu inaweza kupima tofauti kati ya fremu mbili mfululizo kwenye anga tupu na kupendekeza yenyewe.

Kufuata sayari inayohama

Mota za darubini haziko sahihi kabisa, na sayari hutoka kwenye dirisha dogo. Punguza fremu kwa wastani wa 4 × 4 ili pikseli mbovu zizame, weka kizingiti, tafuta kundi kubwa zaidi la pikseli zilizo juu yake, ukokotoe kitovu chake. Kundi kubwa linakuepusha na miezi ya Mshtarii. Sogeza dirisha kwa `ASISetStartPos`, ambayo inakubaliwa wakati video inaendelea, kitovu kikiacha katikati kwa zaidi ya pikseli 20 tu, na kila mara kwa hatua shufwa. Ukisogeza kila fremu, unaikatiza kamera bila sababu.

Kwa kamera isiyo ya rangi yenye gurudumu la filta, hifadhi muda wa mwanga na gaini kwa kila filta, subiri gurudumu liseme limefika, kisha tupa fremu za mwanzo ambazo zilianza kupigwa kwa mipangilio ya zamani.

Kamera bandia

Iandike kabla ya kamera halisi, nyuma ya kiolesura kilekile. Itoe duara lenye mikanda, litikisike, liwe na kelele, kwa kasi yoyote utakayotaja. Kila fremu ichorwe namba yake kwenye pikseli nne za kona, ili baada ya kurekodi uisome faili na kuthibitisha kwamba hakuna namba iliyorukwa wala kurudiwa.

Kisha ianze kukutesa. Icheleweshe diski sekunde 3 na uone kama bafa inavumilia. Icheleweshe 12 na uone kama hesabu ya fremu zilizopotea ni sahihi. Irudishe kosa la muda kuisha mara tano mfululizo, hapo programu isimamishe na kuanzisha kamera upya bila kuharibu faili iliyo wazi. Iue programu kwa nguvu katikati ya video na ujaribu ukarabati. Jaza diski mpaka ibaki GB 1.

Kwa kamera halisi, fanya jaribio la mchana: elekeza kwenye kitu chenye nyekundu na buluu zinazotambulika, rekodi dakika mbili, linganisha idadi ya fremu na kasi mara muda, na hakikisha rangi hazijabadilishana nafasi. Jaribu na kompyuta ikiwa kwenye betri, kwani hapo ndipo mfumo hupunguza kasi ya prosesa na kuzisinzisha bandari za USB. Usingizi huo wa USB uzimwe kwenye mipangilio ya umeme, na folda ya kurekodia itolewe kwenye ukaguzi wa antivairasi.